Sambusa Hazikuwa na Kosa

Watu waliofuturu nyumbani kwangu Ramadhani moja ya miaka ya karibuni, wakalala wanatapika, hawakudhuriwa na sambusa. Walidhuriwa na muhogo wa nazi, na aliyeupika ni mimi. Kabla sijaupakua nilikwisha jua kwamba ni mchungu. Nikaupakua hivyo hivyo. Walipougua, nikaacha lawama imwangukie mama anayeuza sambusa mtaani kwetu, mwanamke ambaye hajanikosea hata kwa neno. Nimekwisha kwenda kumwomba radhi, na jibu alilonipa ndilo lililonifanya nikae kitako niandike haya.

Nianze na muhogo, kwa kuwa huko ndiko kosa lilikoanzia.

Marehemu baba alituachia shamba Mkuranga, na shangazi yangu ndiye anayelitunza. Katikati amepanda muhogo mtamu, ule ambao watoto huumenya na kuutafuna mbichi. Mpakani, upande wa pori, amepanda mistari ya muhogo mchungu. Wakulima wengi hufanya hivyo, ili nguruwe mwitu na nyani wakianza kuchimba wakutane na uchungu kwanza; na mwizi wa usiku naye hana taa ya kuchagulia shina. Muhogo wa mpakani haupotei bure. Huvunwa, ukamenywa, ukalowekwa au ukavundikwa, ukaanikwa ukawa makopa, ukatwangwa ukawa unga wa ugali. Kinachokatazwa ni kuutoa ardhini na kuutia chunguni siku hiyo hiyo. Shangazi alitueleza hayo tukiwa wadogo. Mimi niliyahesabu kuwa vitisho vya kuwazuia watoto wasichimbechimbe.

Siku ya futari nilikwenda shambani bila kumwarifu. Mvua zilikuwa zimechelewa, ardhi ya katikati imekauka, mimi nimefunga na jua linawaka. Kule mpakani kulikuwa na kivuli cha mikorosho na udongo tifutifu. Nikang'oa palipong'oka kwa urahisi. Machoni pangu mimi mtu wa mjini, mihogo yote ilikuwa mihogo. Nikajaza kiroba, nikarudi Dar nimefurahi, maana jioni ile nilikuwa na mgeni wa heshima: mama mkwe wangu, ametoka Tanga.

Majivuno yangu lazima yaingie katika maelezo haya, vinginevyo hayatakamilika. Mimi ni mwanamume ninayependa jiko, na mke wangu alikuwa amenisifu sana kwao. Mara ya kwanza kula kwa wakwe zangu niliwekewa muhogo wa nazi wa mama mkwe. Tui lilikuwa limekaza, limeshikana na muhogo. Rojo lake si maji wala si uji. Chumvi imekolea, na pilipili mbichi imeachwa nzima juu yake, inatoa harufu bila kuchoma ulimi. Tangu siku hiyo nilikuwa napika nikijipima naye. Jioni ile nilitaka ale wangu, aende Tanga akasimulie.

Upishi wake niliujua, kwa sababu nilishamwona akiupika. Humenya maganda yote mawili, la nje la kahawia na la ndani lenye wekundu kidogo. Hupasua, akatoa uzi wa katikati, akakata vipande vidogo na kuviloweka. Kisha huvichemsha kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, na vikianza kulainika maji yale huyamwaga yote. Ndipo hutia tui jepesi, chumvi, kitunguu na pilipili, akaacha viive kabisa. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, huku anakoroga taratibu. Likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini.

Mimi nikabadilisha. Nilikata mapande makubwa ili sinia lipendeze. Maji ya kwanza sikuyaweka kabisa, nikaona kuyamwaga ni kumwaga utamu. Nikapika moja kwa moja ndani ya tui jepesi. Tena nikafunika sufuria tangu mwanzo, nikitaka muhogo unyonye nazi hadi ndani. Nilikuna nazi kwa mbuzi, nikachuja tui kwa kifumbu kama wazee, kila kitu kwa mkono. Juhudi sikukosa.

Karibu na magharibi nikaonja. Mpishi aliyefunga akiwa na haja huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na mimi nilifanya hivyo. Uchungu ukanishika nyuma ya ulimi ukakataa kutoka. Nikajiambia kwamba kinywa cha mtu aliyefunga siku nzima huwa kichungu chenyewe. Nikasukutua, nikaonja tena. Ulikuwa palepale. Nikachukua sukari nikatia, nikaponda iliki nikatia, nikaongeza tui zito lililobaki. Uchungu ukajificha. Haukuondoka, na nililijua hilo, kwa sababu mtu hatii iliki katika muhogo wa chumvi na pilipili isipokuwa ana jambo analolifunika.

Kilichokuwa kinatendeka ndani ya sufuria ile nimekuja kukielewa baadaye. Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini, na una pia kimeng'enya cha kukivunja, linamarasi. Katika mzizi mzima hivi viwili hukaa mbalimbali. Mzizi ukikatwa, ukikunwa au ukitwangwa, hukutana, na mwisho wa kukutana kwao ni sianidi. Jambo hilo linatisha, lakini hapo ndipo ulipo wokovu wa mlaji, kwa sababu sianidi ya namna hiyo ni nyepesi kutoroka: huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, na nyingine huyeyuka katika maji. Kukata vidogo, kuloweka, kuchemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi, kumwaga maji, yote hayo ni kuifungulia sumu milango itoke.

Mimi niliifunga milango yote. Mapande makubwa hayakuruhusu vile vitu viwili vikutane vya kutosha. Joto likakiua kimeng'enya mapema, na linamarini, ambayo hustahimili moto, ikabaki ndani ya muhogo ikingoja kuvunjwa tumboni mwa mlaji. Iliyoyeyuka ikaingia katika tui, na tui lile hatukulimwaga, tulilinywa kama mchuzi. Sukari haina inachokipunguza katika sumu hiyo. Hudanganya ulimi, basi.

Hata hivyo, kwa muhogo niliokuwa nao, upishi wa mama mkwe wenyewe pengine usingetosha. Muhogo huitwa mtamu, kwa viwango vya kimataifa vya chakula, ukiwa na sianidi chini ya miligramu 50 katika kila kilo ya mzizi mbichi. Michungu huweza kupita 400. Na ukame huongeza sumu hiyo, kwa hiyo mwaka wa mvua haba ndio mwaka wa kuuogopa zaidi. Muhogo wa mpakani uliochimbwa mvua zimechelewa haukuwa na kazi yoyote katika sufuria ya futari.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na uji, tukaswali, tukakaa mkekani. Kulikuwa na sambusa za nyama nilizozinunua kwa yule mama, kulikuwa na maharage ya nazi, na katikati sinia la muhogo. Wageni wakasifu rojo lake. Shemeji yangu akawapakulia watoto wake mara ya pili, kwa kuwa walipenda ule utamu wa sukari na iliki. Nilimwona anawapakulia. Mkono wangu ulikuwa karibu na sinia, ningeweza kulivuta. Nikamimina chai.

Mama mkwe alikula pande moja akaweka kijiko chini.

"Baba, muhogo huu umeupata wapi?"

"Wa shambani kwetu, mama. Wa nyumbani."

"Ahaa. Mashallah," akasema, akachukua maharage.

Mkwe kwa mkwe wana adabu yao. Hakuweza kusema zaidi mbele ya watu bila kunivunjia heshima, na mimi nilijificha nyuma ya adabu hiyo.

Usiku simu ikaita. Shemeji anasema watoto wanatapika, mdogo anasikia kizunguzungu na miguu imelegea. Akauliza, "Shemeji, zile sambusa mlizinunua wapi?" Swali lilinijia limeshachagua mshitakiwa. Nikamjibu nilikozinunua. Sikuongeza neno. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinaniuma na tumbo linasokota, ingawa nilikuwa nimekula kidogo kwa kuogopa. Mke wangu, ambaye alikuwa akihudumia wageni na alipokuja kukaa akalikuta sinia la muhogo limekwisha, alikula sambusa na maharage, akalala bila shida. Nilikuwa na ushahidi kamili pembeni yangu usiku ule, nikauzimia taa.

Walipofika hospitali daktari aliuliza watoto wamekula nini. Wazazi wao wakamwambia: sambusa za nyama. Akawatibu kama watu waliokula nyama iliyoharibika, wakatundikiwa dripu, na kwa rehema za Mungu kesho yake walikuwa wazima. Katika yote niliyoyafanya, hili ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Sumu ya sianidi ina dawa zake hospitalini, na daktari huzitafuta akijua anapambana na nini. Mtoto mwenye mwili mdogo huelemewa na kiasi ambacho mtu mzima hukistahimili. Hali ya yule mdogo ingezidi kuwa mbaya, daktari angekuwa anahangaika na nyama, kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga mdomo.

Habari ikatembea. Baada ya tarawehe watu wakaulizana, kundi la mtaa katika simu likajaa maonyo, na mtu mmoja akaandika kwamba nyama ya yule mama ni ya siku nyingi. Nilisoma maneno hayo. Jioni zilizofuata nilipita mbele ya meza yake nikaona sambusa zimejaa kwenye beseni na watu wanapita. Kabla ya Idi aliihamisha meza yake mtaa mwingine.

Aliyenikamata ni mama mkwe. Asubuhi ile ile ya kwanza aliingia jikoni, akatoa kipande cha muhogo mbichi kilichobaki ndani ya kiroba, akakigusisha ulimini na kutema. Akakirudisha. Alisubiri mpaka tulipobaki wawili.

"Mwanangu, huu ni wa makopa."

Nilinyamaza.

"Uliuonja?"

"Niliuonja, mama."

"Basi. Mimi sitasema, si kazi yangu. Atakayesema ni wewe."

Akarudi Tanga. Nami sikusema. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, kila siku nikiona kwamba jambo limekwisha poa na kulichokoa ni kutafuta aibu ya bure. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliponea hapo tu, kwamba hakuna aliyekufa.

Nilianza kusoma habari za muhogo kwa siri, kama mtu anayepeleleza kesi yake mwenyewe, na nilichokikuta kilinitoa jasho. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu waliokula ugali wa unga wa muhogo mazishini waliugua, na wachunguzi walipomaliza kazi walihesabu wagonjwa 98 na vifo viwili. Sumu hiyo ina pia namna nyingine ya kudhuru, ya polepole, iitwayo konzo: ugonjwa wa kupooza miguu unaompata mtu anayekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa majuma mengi, hasa akiwa hapati samaki, nyama wala kunde. Mwili huhitaji virutubisho vya protini ili kuigeuza sianidi iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Miguu ikishapooza kwa konzo hairudi kuwa kama awali. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938, Kwango, nchi ya Kongo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwakumba zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Daktari Hans Rosling wa Sweden alikuwa mmoja wa walioushughulikia. Kwetu Tanzania umewahi kuonekana Tarime na Mtwara.

Nilipokuwa nikisoma habari za Nampula niliona jinsi nilivyo na deni. Akina mama wale walijua vizuri sana namna ya kuutengeneza muhogo mchungu. Walijua siku za kuloweka na siku za kuanika. Njaa ndiyo iliyowapunguzia siku hizo: watoto wanalia, ghalani hamna kitu, na muhogo mchungu ndio pekee uliohimili ukame. Mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa na maharage, mkate, tende na sambusa. Ningelimwaga sinia lile lote na bado wageni wangeshiba. Kilichonipunguzia maji na muda ni kutaka kusifiwa na mama wa mke wangu.

Nikajifunza pia kwamba dawa ya jambo hili haina ugumu. Kwa unga wa muhogo, mtaalamu wa Australia aitwaye Howard Bradbury alibuni njia ambayo kila nyumba inaimudu: unga unachanganywa na maji, unatandazwa wembamba usiozidi sentimita moja, unaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano, sianidi inatoka yenyewe hewani, kisha unasongwa ugali kama kawaida. Kuanzia mwaka 2010 wanawake wa vijiji vya Popokabaka, huko huko Kwango, walifundishwa njia hiyo, na konzo ikazuiwa. Maji, jua, na saa chache. Mimi niliyekuwa na bomba la maji ndani ya nyumba nilishindwa.

Hatimaye nikamwendea mama wa sambusa kwake. Nikamwamkia, nikakaribishwa, nikasema yote tangu mpakani mwa shamba mpaka simu ya usiku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Kaka yangu, mimi nilisemwa mbele ya watu. Wewe unaniomba radhi chumbani."

Nikamwambia yuko sawa. Nikamwahidi kwamba nitayasema mbele ya watu, na kwamba fedha aliyoipoteza tutaihesabu pamoja. Fedha tumekwisha kuihesabu na nimelipa. Katika kundi la mtaa nimeandika, shemeji nimemwambia ana kwa ana, na alikuwa na haki ya hasira alizonipa. Shangazi naye nimemweleza. Alinitazama akauliza kama sasa nimekua. Haya ninayoyaandika ni sehemu iliyobaki ya ahadi ile. Kwa hiyo nasema wazi: sambusa za yule mama zilikuwa nzima, nyama yake ilikuwa safi, na mtu yeyote aliyeacha kununua kwake kwa sababu ya futari ya nyumbani kwangu aliacha kwa uongo niliouacha utembee.

Kwa wewe unayependa muhogo wa nazi, usiuogope. Muhogo mtamu ukitengenezwa vizuri ni chakula salama, na pwani yote inaula bila kudhurika. Nunua kwa mtu anayejua umetoka shamba gani na ni mbegu gani. Ukiwa na shamba, muulize aliyepanda. Menya maganda yote mawili, kata vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi bila mfuniko, na maji yale yamwage bila kuyaonea huruma. Utamu wa chakula hiki uko katika nazi, na nazi inaingia baadaye. Onja kabla ya kutia tui. Ukikuta uchungu, usitafute sukari wala iliki, na usingoje kuona kama wageni wataugundua. Mwaga, uwape mkate na chai, uwaambie muhogo umeharibika. Hakuna mgeni aliyewahi kufa kwa kukosa muhogo.

Na mtu akiugua baada ya kula kwako, mpelekeni hospitali upesi, na daktari akiuliza amekula nini, mtajie vyote, ukianza na kile ulichokipika wewe.